Tela Si Mahali pa Mbwa

Anayetaka kujua hewa inafanya nini nyuma ya gari linalokwenda, asianze na kitabu. Asimame kando ya barabara ya udongo ya Kurui mwezi wa Januari, jua likiwa utosini, asubiri gari lipite. Vumbi halibaki nyuma likatulia. Linanyanyuka, linajikunja, kisha linalifukuza gari lenyewe na kujibandika kwenye mlango wake wa nyuma. Ndiyo maana gari likifika Mlandizi kioo cha mbele bado kinaona, lakini cha nyuma kimeshakuwa ukuta wa udongo, na watoto wanaandika majina yao juu yake kwa vidole.

Gari lililonifanya niandike makala hii lilikuwa pikapu iliyokuwa ikivuta tela. Wenyewe ni watu wa Dar es Salaam wenye shamba la mikorosho huku Kisarawe, na tela lao lilikuwa lile la kulala, lenye paa, madirisha na godoro ndani, ambalo wengine huliita karavani. Watu na mizigo walikaa kwenye pikapu. Mbwa alipakiwa kwenye tela, tena kwa nia njema kabisa: ana nafasi, ana kivuli, ana pa kulala. Waliposimama kununua maembe na kufungua mlango, mbwa alishuka akiwa na rangi ya barabara. Manyoya yalikuwa mekundu kwa vumbi, ulimi umetoka wote, mbavu zinapanda na kushuka haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu.

"Shikamoo mzee," kijana aliyekuwa akiendesha alimwamkia muuza maembe.

"Marahaba mwanangu. Mbwa wako huyo anaungua."

"Hapana mzee, alikuwa kivulini muda wote."

"Kivuli cha bati," mzee alisema, akaisogeza ndoo yake ya maji mbele ya mbwa.

Katika tukio lile dogo, vumbi lililomgandia mbwa na kivuli cha bati alichokitaja mzee, mna karibu somo zima la namna ya kumsafirisha mbwa salama. Nitalifungua polepole, kuanzia chini kabisa, kwa sababu kanuni ikieleweka msomaji hatahitaji kuniuliza kuhusu gari lake, mbwa wake na barabara yake. Atajibu mwenyewe.

Na mbwa wa huku husafiri sana. Kurui ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, na mbwa wa hapa ni mfanyakazi: analinda nyumba, anafukuza nguruwe pori na nyani wasimalize mihogo. Anahamishwa kutoka shamba moja kwenda jingine, anapelekwa Kibaha au mjini, na anapelekwa kuchanjwa. Hii ya chanjo si safari ndogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, kwamba asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba ugonjwa hukatika pale angalau mbwa 70 katika kila 100 wanapokuwa wamechanjwa. Mbwa aliyeumizwa njiani mwaka huu hatakubali kupanda gari mwakani, na mwenye mbwa naye atakata tamaa. Kwa hiyo mbwa akisafiri vizuri, mtoto wa jirani naye amelindwa.

Tuanze na mwendo. Abiria aliyesimama kwenye daladala anaijua fizikia hii kwa mwili wake. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linasimama, abiria haendi nalo. Anaendelea mbele mpaka ashike bomba au amwangukie mwenzake. Isaac Newton aliiandika kanuni hiyo mwaka 1687: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake ule ule, kwa mstari ulionyooka, mpaka kani fulani ikizuie. Breki zinalizuia gari. Abiria anazuiwa na mkono wake mwenyewe. Mbwa hana mkono wa kushika bomba. Ana kucha, na kucha hazishiki bati wala plastiki. Basi swali la kwanza la kumsafirisha mbwa ni hili: gari likisimama ghafla, ni kitu gani kitakachomsimamisha yeye?

Ukubwa wa swali hilo unategemea mwendokasi, na hapa watu wengi hukosea hesabu. Nishati ya kitu kinachokwenda haipandi sawa na kasi, hupanda kwa kasi mara kasi. Ukiongeza mwendo mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Njia nzuri ya kuiona ni kuigeuza kuwa mwanguko, maana kuanguka kutoka juu tunakujua. Mbwa aliye ndani ya gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, likigonga kitu na kusimama papo hapo, anapata pigo la aliyeanguka kutoka mita tatu na nusu, yaani kutoka kwenye paa la nyumba ya kawaida. Kwa kilomita 50 kwa saa ni mita 10, kimo cha mkorosho mkubwa. Kwa kilomita 80, mwendo ambao kwenye lami ya barabara ya Morogoro watu huuona wa kawaida, ni mita 25. Huo ni mnazi mrefu, kutoka kwenye makuti yake. Hakuna mtu wa Kisarawe atakayemtupa mbwa wake kutoka juu ya mnazi, lakini wengi humpakia bila kumfunga wakiendesha mwendo huo. Na mbwa wa kilo 20 anayerushwa hivyo si hatari kwake peke yake. Kama yumo ndani ya gari, mbele yake kuna kisogo cha mtu.

Wengine wanalijua hilo, wakamfunga. Kosa hapa ni mahali pa kumfunga. Kamba ya mita moja kwenye ukosi wa shingoni, ncha nyingine kwenye chuma cha pikapu, inaonekana ni ulinzi. Fikiria breki kali tu, bila ajali. Mbwa anateleza juu ya bati lenye vumbi mpaka kamba ikaze, na kamba inapokaza inapaswa kumsimamisha ndani ya umbali mfupi sana, labda sentimita 10 za kunyooka kwake. Kadiri umbali wa kusimamishia unavyokuwa mfupi, kani inakuwa kubwa. Kwa mbwa wa kilo 20, kani hiyo inaweza kufika uzito wa kilo 80, yaani ni kama mtu mzima ameninginia kwenye kamba, na kamba yenyewe imekaa kwenye koo. Kamba hiyo ikiwa ndefu kuliko ukingo wa bodi, mbwa ataruka nje na kuburuzwa. Mkanda mpana wa kifuani unabadilisha mambo mawili kwa pamoja: kani inagawanywa juu ya eneo kubwa la mbavu na mfupa wa kidari, na koo linabaki huru. Ni hesabu ile ile ya beseni la maji kichwani na kata chini yake. Uzito haupungui, unatandazwa.

Sasa tela. Watu hulifikiria kama chumba cha nyuma cha gari, na hapo ndipo penye kosa. Tela ni mzigo unaoegemea mahali pawili, kwenye ekseli yake na kwenye kiungo chake na gari. Mwalimu bora wa jambo hili ni mvuta mkokoteni. Yeye hapangi magunia ovyo. Huyasogeza kidogo upande wa mikono, mbele ya magurudumu, ili mkokoteni ulale mikononi mwake. Akizidisha nyuma, mikono inainuka, na mkokoteni unamwondoa miguu chini. Tela ni mkokoteni wenye gari mahali pa mvutaji. Kwa kawaida hutakiwa sehemu moja katika kumi hivi ya uzito wake, au zaidi kidogo, iegemee kwenye kiungo. Uzito huo ukipungua, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia, na kuyumba huko kukishakolea, dereva hana dawa ila kupunguza mwendo taratibu.

Mweke mbwa huru humo ndani. Chukua tela dogo la kilo 300, lenye kilo 30 kwenye kiungo, na mita mbili na nusu kutoka kiungo hadi ekseli. Mbwa wa kilo 20 akitoka mbele akaenda nyuma mita mbili na nusu, kwa sababu amesikia pikipiki inawapita, anaondoa kilo 20 kwenye kiungo kwa matembezi hayo tu. Theluthi mbili ya uzito uliokuwa ukilituliza tela imehama. Tela kubwa zito halitamsikia sana, hilo ni kweli. Lakini matela mengi tunayoyaona huku ni madogo, yamechomelewa na mafundi wetu, na gunia la mkaa halihami lenyewe kama mbwa.

Kuna pia mtikiso. Shika fimbo kwenye ncha moja, ichezeshe kidogo kiganjani. Mkono umesogea inchi moja, ncha ya mbali imefagia futi nzima. Kiungo cha tela ndicho kiganja, na kila kinachokaa mbali nacho kinapokea mwendo mkubwa zaidi, wa pembeni na wa juu chini. Watu wa gari wamekaa kwenye springi laini, katikati ya ekseli mbili, mahali palipotulia kuliko pote. Mbwa aliye nyuma ya ekseli ya tela amekaa kwenye ncha ya fimbo. Barabara ikiwa na yale matuta madogo yaliyopangana kama bati la mgongo, tela tupu haliviringiki, linadundadunda. Sakafu inashuka haraka kuliko mbwa anavyoweza kuanguka, kisha inarudi kumpiga. Mbwa hulazimika kusimama kwa miguu minne iliyokakamaa safari nzima, na misuli inayofanya kazi hutoa joto. Neno hilo lishikwe, tutalirudia.

Kabla ya joto, turudi kwenye vumbi. Gari linapokwenda linaisukuma hewa pembeni, na nyuma yake linaacha nafasi. Hewa hukimbilia kuijaza, lakini haiwezi kupinda kona kali za gari la umbo la sanduku, kwa hiyo hujikunja na kuzunguka. Kanieneo pale nyuma huwa ndogo kuliko pembeni, na chochote kilicho karibu huvutwa kuelekea huko. Vumbi ni kitu kinachotuonyesha tu kile ambacho hewa ingefanya hata bila vumbi. Na bomba la ekzosi linatokea wapi? Pale pale. Moshi wa injini unaingia kwenye mzunguko ule ule, unazungushwa, unasukumwa kwenye uso wa tela linalofuata, na kila upenyo wa mlango, sakafu au dirisha unaupokea. Pikapu yenye kibanda nyuma, ikiachwa mlango wa nyuma wazi ili mbwa apate hewa, hufanya vivyo hivyo: inaunyonya moshi wake yenyewe.

Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hemoglobini ya damu, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, huishika gesi hiyo kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia oksijeni. Ikishaishika haiiachii upesi. Mbwa anazidi kuhema, na kila anapohema anazidi kuipandisha. Kiasi kidogo humlegeza na kumtapisha, kiasi kikubwa humlaza asiamke. Mtu akitaka kujua kama tela lake linavuta moshi, asihangaike na vipimo. Apitishe kilomita chache za udongo na madirisha yamefungwa, kisha afungue mlango na apitishe kidole juu ya godoro. Palipoingia vumbi, moshi nao umeingia.

Tumefika kwenye joto, na hapa nitakaa, maana hapa mbwa huangamia bila hata gari kugonga kitu.

Kila mwili ulio hai ni jiko. Mbwa wa kilo 20 aliyelala ametulia anatoa joto la wati 30 hivi. Akisimama, akiwa na hofu, akipambana na mtikiso ule tuliouona, huweza kufika wati 60, sawa na balbu moja ya zile za zamani ambazo zilikuwa zinaunguza vidole. Joto hilo lazima litoke kila dakika. Lisipotoka kabisa, hesabu ni rahisi: mwili wa kilo 20 wenye maji mengi hupanda nyuzi 3 hivi kwa saa moja. Mbwa mzima ana nyuzi kama 38 na nusu. Mwongezee 3, ana 41 na nusu, na kuanzia 41 hatari imeanza: utumbo, figo, ubongo. Saa moja tu, bila jua kumgusa, bila kukimbia hatua moja. Kizuizi peke yake kinatosha.

Sisi binadamu tukizidiwa tunatoa jasho mwili mzima, na jasho likikauka linaondoka na joto. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto la jouli 2,400 hivi, na hii ndiyo siri ya mtungi wa udongo unaopoza maji kwenye kona ya nyumba. Mbwa ana tezi za jasho za maana kwenye nyayo tu, sehemu ndogo mno. Mtungi wake ni ulimi, pua na kinywa. Anapotweta, hewa inapita juu ya nyama iliyolowa, maji yanakauka, damu iliyo chini yake inapoa. Na tazama ufundi wa maumbile: mbwa aliyetulia hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika, akianza kutweta hurukia mara 300 hivi. Kifua chake kina mdundo wake wa asili, kama bembea ilivyo na mwendo wake. Anayeisukuma bembea kwa mwendo wake hachoki. Mbwa hutweta kwa mdundo ambao mbavu na mapafu vingecheza vyenyewe, na kwa hiyo kazi ya kujipoza haimwongezei joto jingi.

Waislamu wa Pwani tunakijua tangu chuoni kile kisa cha mtu aliyemkuta mbwa kisimani akitweta na kulamba udongo wenye unyevu, akashuka, akamchotea maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Kwa macho ya sayansi, kila kilichoelezwa pale ni sahihi. Ulimi uliokauka ni mtungi uliokauka. Kwa wati 60, mbwa anahitaji kukausha gramu 90 za maji kwa saa, karibu vikombe viwili vya kahawa ya barazani, na maji hayo yanatoka mwilini mwake.

Sasa tuangalie tunavyowafanyia. Kwa kuogopa kuumwa, watu humfunga mbwa mdomo kwa kamba ya katani, wakamtia kwenye gunia, wakampakia nyuma ya bodaboda. Nimeeleza kurasa nzima ili jambo hili moja lionekane lilivyo: kamba ile imeziba njia kuu ya joto kutoka. Kama ni lazima kumziba mdomo, kiwe kizuizi cha kikapu, ambacho ndani yake anaweza kupanua kinywa, kutoa ulimi na kunywa.

Na kinywa kikiwa wazi, bado hewa inayomzunguka lazima ikubali kupokea mvuke. Hewa ina kikomo. Kwa nyuzi 35, mita moja ya ujazo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 40 hivi za mvuke, na hewa yetu ya Pwani huja ikiwa tayari imejaa karibu nusu. Kizimba cha mbwa kilichofunikwa turubai pande zote, ili vumbi lisiingie, kina theluthi moja ya mita ya ujazo, kwa hiyo kimebakiza nafasi ya gramu 6 au 7. Mbwa anatoa gramu moja na nusu kwa dakika. Dakika nne au tano, hewa imeshiba. Kuanzia hapo anatweta bure. Karavani ina hewa nyingi zaidi na itachukua saa kadhaa kushiba, lakini ina adui mwingine, na hapa ndipo maneno ya muuza maembe yanapoingia.

Ingia saa nane mchana kwenye nyumba ya bati isiyo na dari. Hujagusa kitu, lakini utosi unaungua. Bati limekunywa jua na sasa linalirusha joto kuelekea chini kwa mnururisho, kama jiko linavyokuunguza shavu ukiwa mbali nalo. Jua la mchana la ukanda wetu, anga likiwa safi, humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paa la tela la mita 2 kwa 4 linapokea kama pasi 8 zilizowashwa kwa pamoja. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa, rangi nyeusi haisamehe. Kwenye mwendo, upepo husaidia kulipoza paa, na ndipo watu wanapodanganyika. Safari haiko kwenye mwendo wote. Kuna foleni ya Kibaha, kuna kusimama Kimara, kuna kununua maembe. Madirisha ya tela yamefungwa kwa ajili ya vumbi, pasi 8 zinaendelea kuwaka. Mwaka 2005 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani: joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, asilimia 80 ya kupanda huko ilitokea nusu saa ya kwanza, na kufungua vioo kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Siku ya nyuzi 31, hiyo ni 53 ndani.

Mbwa mashuhuri kuliko wote waliowahi kusafirishwa alikufa kwa jambo hili. Laika alirushwa angani na Umoja wa Kisovieti ndani ya Sputnik 2, tarehe 3 Novemba 1957. Kwa miaka mingi ulimwengu uliambiwa habari nyingine kuhusu mwisho wake. Mwaka 2002 mwanasayansi wa Urusi, Dimitri Malashenkov, alieleza kwamba alikufa saa chache tu baada ya kurushwa, kwa joto na hofu, kwa sababu chombo kilishindwa kujipoza. Alikuwa na vipimo vya moyo na pumzi vilivyosomwa kutoka ardhini. Walioko chini waliona, na hawakuwa na mkono wa kumfikia.

Mbwa wa kwenye tela hana hata hao wa kuona, na huo ndio msingi wa hukumu yangu. Dereva hamsikii, hamwoni, hajui kama ametapika, kama kamba imemnyonga, kama feni ya betri iliyofungwa ili impoze imeng'oka waya kwenye tuta la kwanza. Kila kasoro niliyoitaja, mshindo, kuyumba, moshi, joto, inaweza kurekebishwa kidogo kwa fedha na ufundi. Kutoonekana hakurekebishiki. Mbwa asafiri kwenye gari linalovuta. Tela likishaegeshwa kivulini na milango kufunguliwa, hapo akaribishwe alale.

Najua swali linalofuata, kwa sababu ni la nyumba nyingi za huku: mbwa na viti vya gari hawapatani, kuna swala na kuna twahara ya nguo. Sharti hilo linaheshimika na sayansi haina ugomvi nalo. Kwenye gari la aina ya Noah au lile lenye nafasi ya mizigo nyuma ya viti, kizimba cha waya chenye trei chini hukaa humo bila mbwa kugusa kiti, madirisha ya pembeni yakiwa wazi na mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, kwa sababu tuliyoiona ya moshi. Kwenye pikapu au kirikuu, kizimba kikae mbele ya bodi, kimegusana na kabini, mahali ambapo vumbi la nyuma halifiki kirahisi na dereva anakiona kwenye kioo. Kifungwe kwa mikanda ya mizigo kwenye vyuma vya bodi, maana kizimba kisichofungwa ni mbwa asiyefungwa aliyeongezewa chuma. Kiwe kikubwa cha kutosha asimame, ajigeuze, alale, wala kisizidi hapo sana, ili breki isimpe nafasi ya kukimbia ndani yake. Mkeka au gunia la katani sakafuni limpe kucha mahali pa kushika. Juu kifunikwe kwa makuti au turubai lililoinuliwa kiganja kimoja kutoka kwenye kizimba, ubavuni kiachwe wazi. Ule upenyo wa kiganja ni muhimu: turubai litawaka, lakini hewa itapita kati na kuliondoa joto kabla halijamfikia.

Mengine ni ya kawaida. Safari ianze alfajiri, tumbo likiwa halijajaa, maana watoto wa mbwa hasa hutapika pale sikio la ndani linaposema tunayumba na macho yanasema tumekaa. Msimame kila baada ya saa mbili, hata kama haraka ipo, mbwa ashuke akiwa amefungwa kamba kabla mlango haujafunguliwa wote, anywe maji.

Na akishuka akiwa kama yule wa kwenye tela, ulimi umetoka hadi mwisho, fizi nyekundu sana, anapepesuka au hataki kuinuka, msimkimbize kwanza kwa daktari wa mifugo. Mpozeni kwanza, pale pale. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida mwilini, tumboni na mapajani, mengi, tena na tena, mtu mwingine akimpepea kwa ungo au kipande cha boksi, kwa sababu maji yasiyopata upepo hayakauki na yasiyokauka hayaondoi joto. Msimfunike kwa kitambaa kilicholowa mkakiacha juu yake, kitageuka blanketi. Anywe kidogo kidogo akitaka mwenyewe, asinyweshwe kwa nguvu. Mtweto ukipungua, ndipo apandishwe gari apelekwe kwa daktari hata kama anaonekana amepona, kwani figo na utumbo huweza kuonyesha madhara baada ya saa nyingi. Mzee wa maembe alitumia ndoo mbili na kofia yake ya ukindu. Mbwa aliinuka baada ya robo saa, akajikung'uta, na safari iliyobaki akakaa nyuma ya viti, ndani ya pikapu, vioo vikiwa chini.